Mama Premier Anahamisha Mtoto

Sitaanza kwa kuomba msamaha. Msamaha una siku yake, utafika huko mbele. Nitaanza na bulletin, ile karatasi ya pointi za shule.

Bulletin ya Pasaka ya binti yangu Olga ilinifikia ku kaduka kangu siku ya Alhamisi, saa saba za mchana, mabati yakilia kwa jua, na poudre nilikuwa nimekwisha kununua. Hapa kwetu Uvira mtoto akishinda tunammwagia poudre kichwani, ile nyeupe ya watoto wachanga, mpaka nyusi zinapotea, kisha anapita nayo barabarani ili hata jirani asiyetupenda aone. Watu wengi wanangoja Julai, siku ya proclamation, wakati directeur wa shule anasimama mbele ya wazazi na kuita majina kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Minye sikuwa na huo uvumilivu. Olga alikuwa wa kwanza tangu troisième primaire, darasa la tatu, na sasa alikuwa cinquième, la tano. Kila trimestre, kila muhula, wa kwanza. Soko lote la Mulongwe wananiita Mama Premier, mama ya wa kwanza. Jina langu ni Félicité, lakini ukiniita hivyo sitageuka upesi.

Nikafungua bulletin. Pourcentage hamsini na mbili kwa mia. Nafasi ya kumi na nne, kwa watoto thelathini.

“Hii ya nani?”

“Yangu, Mama.”

“Ya kwako weye?”

“Ndiyo.”

Nikaigeuza nyuma, labda pointi nyingine zilibaki upande ule. Aka! Nyuma kulikuwa na mhuri tu. Nikafunga kaduka kabla ya saa, jambo ambalo sijafanya hata siku ya malaria, nikamshika mtoto mkono, tukaenda.

Niseme wazi: hasira yangu haina ngazi. Haipandi, inaruka. Shule yenyewe ilikuwa ya privé, ya mtu binafsi, ile yenye ukuta wa njano karibu na barabara kubwa, na kabla ya kufika nilikuwa nimekwisha kuikata kesi. Mwenye hatia alikuwa mwalimu wake, Mathieu, kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Mtu wa sauti ya taratibu ananiudhi nikiwa na hasira.

“Mama Olga, karibu uketi,” akasema.

“Sikuja kuketi. Nani ameiba pointi za mutoto wangu?”

Alifungua kabati, akatoa karatasi za examen za Olga, akazipanga mezani moja moja. Kalamu nyekundu ilikuwa imefanya kazi kuliko ile ya bluu. Akaweka kidole kwenye hesabu ya tatu. “Mama, angalia hapa. Niliuliza habari ya shamba, urefu na upana. Yeye aliandika mifuko mia moja na hamsini. Mu swali hakuna mifuko. Mifuko mia moja na hamsini ilikuwa jibu la examen ya Noeli.”

“Basi alichanganyikiwa. Na mwalimu wa kumuchanganya ni nani?”

“Mama…”

“Mwaka wote ni wa kwanza, halafu gafula wa kumi na nne? Muntu haanguki hivi bila kusukumwa.”

Akaanza kukusanya karatasi zake. Olga alikuwa akiangalia viatu vyake. Kama ningemwangalia mtoto badala ya kumwangalia mwalimu, mambo yangeisha pale pale. Lakini nilikuwa na kazi ya kupiga kelele, na niliifanya vizuri mpaka mwisho.

Jioni mume wangu Gaspard alirudi kutoka Katogota, ambako ananunua mahindi, vumbi la njia likiwa bado masikioni. Nikamwambia uamuzi wangu: Olga anahama shule, wiki hii hii.

“Julai,” akasema.

“Julai nini?”

“Mutoto hahamishwi katikati ya mwaka. Wacha amalize, septemba aanze fasi ingine pamoja na wenzake. Haraka haraka haina baraka.”

“Ngoja ngoja huumiza matumbo.”

“Weye iko na jibu ya kila kitu,” akasema, akaenda kuoga. Katika ndoa yetu, Gaspard akienda kuoga ujue nimeshinda.

Ijumaa asubuhi nikampeleka Olga kwa Maman Pudentienne. Huyo mama alifundisha miaka thelathini kabla ya kufungua shule yake ndogo kule juu, karibu na mlima, darasa moja kwa kila mwaka, na kuta hazijapakwa rangi yoyote. Watoto wake walikuwa wamekwisha kwenda congé, likizo ya Pasaka. Nilimpa bulletin zote za Olga, za zamani zikiwa juu, zile za pourcentage tisini na moja na tisini na tatu. Akazipokea kwa mikono miwili, akazilaza mezani uso chini.

“Hauzisomi?” nikauliza.

“Bulletin inanipa habari ya shule, mama. Minye nataka habari ya mutoto.”

Nikacheka moyoni. Utaipata, nikasema. Kaa hapo hapo.

Alimpa Olga kitabu asome kwa sauti. Mungu wangu, mtoto alisoma! Kifaransa kilitoka bila kukwama, vituo vyote mahali pake, na Maman Pudentienne akainua kichwa. Nikajinyoosha kwenye kiti ili anione vizuri. Kisha akaandika ubaoni hesabu nne kutoka kichwani mwake, za cinquième za kawaida: mafuta ndani ya bidon, njia ya kutoka Uvira mpaka Runingu, mambo ya namna hiyo. Tukatoka nje, tukamwacha Olga peke yake.

Saa nzima. Tuliporudi, karatasi ilikuwa nyeupe. Aliandika jina lake tu, kwa mwandiko mzuri sana.

“Olga! Kuna nini?”

Akanitazama. Hakuwa na woga hata kidogo, alikuwa anashangaa, kana kwamba minye njo niliyesahau kitu. “Mama, hizi hazikupita kwetu.”

“Hazikupita kwetu wapi?”

“Ku mashine.”

Hapa lazima nikueleze kazi yangu. Nina kile tunachoita secrétariat: ordinateur moja, yaani kompyuta, imprimante moja ya kutoa karatasi, na panneau ya jua juu ya bati kwa siku ambazo courant, umeme, haipo. Watu wananiletea barua, mialiko ya ndoa, mapatano ya kuuza shamba, nami ninawapigia mashine. Na ile shule ya njano, kila mwisho wa trimestre, inaniletea examen za madarasa yote zikiwa zimeandikwa kwa mkono wa walimu, pamoja na majibu yake, nizipige na kutoa nakala. Lakini minye nilijifunza mashine nikiwa msichana, mu ofisi ya zamani, chef wa kazi akisimama nyuma yangu akisema na minye nikipiga. Mpaka leo vidole vyangu vinataka sauti. Ukiniwekea karatasi, nikaangalia huku na kule, ninachelewa na ninakosa. Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunisomea, na tangu Olga alipokuwa na miaka minane mtu huyo alikuwa Olga, kwenye kiti kidogo kando ya mashine. Nilijisifu naye: mtoto wa troisième anasoma mwandiko wa mwalimu wa sixième, ule wa miguu ya kuku! Alisoma swali, alisoma jibu, nilipiga. Ikifika zamu ya darasa lake mwenyewe, alisoma nalo. Minye, Félicité, mwenye ulimi na akili, sikujiuliza hata siku moja. Kwangu alikuwa sauti tu.

Na mwezi wa tatu courant ilirudi na nguvu, ikaunguza imprimante. Examen za Pasaka zilipigwa kwa mtu mwingine.

Nikakaa chini. “Olga. Majibu yote ulikuwa unayashika mu kichwa?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na haukuniambia?”

Akashangaa tena. “Nilizani unajua. Nilizani njo namna unanilipa.”

Nilitaka ardhi inimeze. Si kwa ajili ya mtoto. Mtoto alifanya kazi, akadhani anapokea mshahara wake, na kati yetu nani anaukataa mshahara? Ni kwa ajili yangu. Miaka yote hiyo binti yangu aliamini kwamba mama yake ni mwizi mwenye roho nzuri, na alinipenda hivyo hivyo.

Maman Pudentienne hakucheka, wala hakunihubiria, na namshukuru. Alimtuma Olga nje akanywe maji, kisha akasema, “Kusoma anajua kupita watoto wangu wote. Hesabu hakuna. Sasa iko njia mbili. Unaweza kumuleta septemba, mu sixième, kama watu wote. Kule alipo atamaliza mwaka na heshima yake. Ao unamuleta sasa, congé ikiisha, mu cinquième. Atakuwa kati ya wa mwisho, na atalia. Lakini nitakuwa naye trimestre moja zaidi. Examen ya mwisho wa sixième inatoka Kinshasa mu bahasha ya kufungwa, mama. Ile haitapita ku mashine yako.”

“Weye ungefanya nini?”

“Minye si mama yake.”

Njia nzima ya kushuka Olga alinivuta kitenge. “Julai, Mama. Hata Papa alisema Julai. Wacha nimalize kule kwanza.” Alikuwa na haki ya kuomba. Kule alikuwa na jina, na mtoto naye anapenda jina lake.

Na nitasema ukweli: nilishawishika. Jumamosi fundi alinirudishia imprimante. Nikaijaribu, ikatoa karatasi safi, herufi nyeusi tititi. Nikaanza kupanga. Mwezi wa sita walimu wataleta examen. Olga atasoma. Julai atakuwa wa kwanza, ile kumi na nne tutasema ilikuwa malaria, nitamwaga poudre yangu, septemba tutaanza ukweli. Trimestre moja tu ya uongo, baada ya trimestre nyingi. Nani angejua? Gaspard mwenyewe alikuwa upande wa Julai, na nilikuwa bado sijamwambia anaunga mkono nini.

Olga akaingia. Akasikia mashine inafanya kazi. Bila kuambiwa, akavuta kile kiti kidogo, akakaa kando yangu, mgongo wima, mikono juu ya magoti, akingoja kunisomea.

Hapo akili ikanirudia. Trimestre moja ya kungoja ilikuwa trimestre moja ya kiti hicho.

“Simama,” nikasema. “Pasaka ikiisha tu unaenda kwa Maman Pudentienne.”

“Nitakuwa wa mwisho.”

“Labda utakuwa wa mwisho.”

“Batu batanicheka.”

“Weye watakucheka kidogo. Minye watanicheka zaidi, njo minye Mama Premier. Wacha wacheke, meno ni yao.”

Akaanza kulia, na minye nikalia naye, kwa sauti, mpaka mteja aliyekuja na barua yake akarudi nje kwa adabu.

Jumatatu nikaenda shule ya njano kuomba hati za kuhama. Niliwakuta directeur na Mwalimu Mathieu wakifunga madaftari. Niliwaeleza yote, na safari hii nilikuwa nimeketi. Directeur akafuta jasho. “Mama, tuseme tu mutoto anahama ju ya umbali.”

“Umbali gani? Nyumba yangu inaonekana mu dirisha hii.”

Mwalimu Mathieu akainamisha kichwa. Nafikiri alikuwa anacheka, na nilimpa ruhusa. Nikamwambia, “Mwalimu, nilikutukana bure. Unisamehe.” Akasema, “Yameisha, Mama,” kwa ile sauti yake ya taratibu, na siku hiyo haikuniudhi.

Lakini alibaki mtu mmoja. Mtoto aliyekuwa wa pili nyuma ya Olga, kila mara, anaitwa Héritier. Mama yake, Capitoline, anauza ndagala, dagaa wa ziwa, pale sokoni, si mbali na kaduka kangu, na miaka yote hiyo nilikuwa nikimpita nikisema, “Wa pili naye ni muntu!” Watu wanacheka. Nilimkuta anapima ndagala. Nikasema kila kitu, kwa sauti yangu ya kawaida, yaani ile ambayo soko lote linasikia.

Hakuinua macho mpaka mteja wake alipoondoka. “Tangu troisième,” akasema. “Tangu troisième namuchapa Héritier. Namuambia, Olga iko na kichwa moja, weye iko na ngapi?”

Sikuwa na jibu. Gaspard angeshangaa. Nikasema, “Unisamehe, Mama Héritier,” na neno lenyewe likawa dogo mbele ya kosa.

“Enda kwanza,” akasema. Nikaenda.

Trimestre ya tatu ilikuwa ngumu, sitakudanganya. Hesabu ya kwanza kule mlimani Olga alipata tatu kwa ishirini. Alishuka macho yamevimba. Maman Pudentienne alimrudisha nyuma mpaka hesabu za troisième, akamkalisha mbele kabisa. Gaspard, nilipomwambia yote, hakwenda kuoga. Alitoka nje, akakaa na mtoto juu ya mifuko ya mahindi, akamwambia ahesabu: hii kilo ngapi, hizi zote ngapi, na panya akila robo? Ikawa desturi yao ya kila jioni. Na minye nikanunua miwani, nikajifunza kutazama karatasi mwenyewe. Nilikosa sana, mwaliko mmoja wa ndoa ulitoka na mabwana harusi wawili. Shule ya njano iliendelea kuniletea examen zake, maana sasa sikuwa na mtoto kule. Kile kiti kidogo nikakiweka mlangoni, kwa wateja.

Mwisho wa mwezi wa sita Olga akaniambia, “Mama, Julai usilete poudre.”

“Kwa nini?”

“Poudre ni ya wenye kushinda.”

Sikubishana naye. Nikanunua kopo.

Siku ya proclamation ilikuwa moja kwa shule zote mbili, ile ya njano asubuhi, kwa Maman Pudentienne mchana. Asubuhi nikaenda peke yangu, kopo ndani ya mkoba, na hakuna aliyenialika. Directeur akafika cinquième. “Wa kwanza: Héritier!” Capitoline akapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nikamsogelea na kopo mkononi. Watu wakageuka, maana habari zangu walikuwa nazo wote. Akaniangalia, akaangalia kopo.

“Leta,” akasema, akalichukua. “Nitamumwagia mwenyewe.”

Akamwaga nusu juu ya kichwa cha mwanawe mpaka mtoto akakohoa. Kisha akafunga kifuniko, akanirudishia. “Hii ya Olga.”

“Olga hatakuwa wa kwanza.”

“Sikukuuliza.”

Mchana, kule juu, Maman Pudentienne aliita majina bila haraka. Watoto thelathini na mmoja. Kumi wakapita. Kumi na tano wakapita. Gaspard alikuwa anahesabu kwa vidole vyake, na vidole vilikuwa vimekwisha kuisha mara moja. “Wa kumi na nane: Olga, pourcentage hamsini na sita.” Watu wakapiga makofi yale ya adabu.

Olga akaenda mbele, akapokea bulletin kwa mikono miwili, akaisoma pale pale, mstari kwa mstari, sisi sote tukimngoja. Hakurudi kwa wenzake. Alipita kati ya viti vya wazazi, akaja kwangu.

“Mama, umeleta poudre?”

“Ulinikataza.”

“Najua. Umeleta?”

Nikafungua mkoba. Akainamisha kichwa, na nikamwaga yote iliyobaki, polepole, nyusi na masikio. Mama mmoja nyuma yetu akacheka. “Poudre ya wa kumi na nane? Kwani amemushinda nani?”

Nikageuka, na unajua hasira yangu haina ngazi. Lakini Olga alinitangulia. Akamwonyesha yule mama bulletin, kidole kwenye mstari wa hesabu. “Kumi na moja kwa ishirini,” akasema. “Na haikupita kwetu.”

Yule mama hakuelewa. Gaspard alielewa, akatoa leso.

Tukashuka sisi watatu kwa miguu, tukapita katikati ya soko la Mulongwe, Olga mbele, mweupe mpaka mabegani. Capitoline alikuwa amerudi kwenye ndagala zake, Héritier kando yake, mweupe naye.

“Félicité!” akaniita. “Amekuwa wa ngapi?”

Niligeuka upesi. “Wa kumi na nane,” nikamjibu, na soko lote likasikia.